Miaka Ishirini Mvuani

Jumatatu, 30 Machi 1931

Mvua. Mazoezi: kuzunguka uwanja mara kumi na mbili, bila mpira. Mzee Nuttall, mkufunzi wetu, anaamini kwamba mchezaji asipouona mpira wiki nzima atakuwa na hamu nao Jumamosi. Mimi nina hamu nao tangu 1924. Tunaonana kwa nadra.

Habari mbaya! Baada ya kuoga Nuttall alinivuta pembeni, sifongo bado mkononi, akaniambia klabu itabakiza winga mmoja tu wa kushoto msimu ujao. Orodha ya wanaobakizwa itatiwa sahihi Jumatatu ya kwanza ya Mei. Mawinga wa kushoto hapa Thornbeck ni wawili: mimi, na Cyril Haworth wa timu ya akiba. Haworth ana miaka ishirini na miwili, mapafu ya farasi, na adabu zinazoudhi. Hunifungulia mlango. Leo aliniuliza magoti yangu yameamkaje.

Umri wangu ni ishirini na tisa. (Hii ni shajara yangu, kwa hiyo naweza kusema thelathini na tatu. Ishirini na tisa ni umri nilionao kwa mwaka wa tano sasa, na tumezoeana.)

Nisipobakizwa, ni kiwanda cha pamba cha Coldwick, chini ya shemeji Seth, mume wa dada yangu, ambaye ni msimamizi huko. Keshaniwekea nafasi ya kufagia. Kila mwezi huniandikia kuniarifu kwamba ufagio bado upo. Siwezi. Sitaki kumwona Seth akinionyesha namna ya kushika ufagio.

Lakini kichwa ninacho. Nani hupanga timu yetu? Si Nuttall. Ni halmashauri ya mabwana saba, inayokaa kila Alhamisi jioni katika chumba cha nyuma cha bucha la mwenyekiti, Bwana Bickerstaffe. Mmoja huzika watu, mmoja huuza makaa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga mpira. Wanachokijua kuhusu mchezo ni kile walichokisoma kwenye gazeti la Courier, ambalo huchapisha barua za wasomaji kila Jumatatu na Alhamisi.

Basi! Nimeomba wino kwa Bi. Pilling, mwenye nyumba wangu. Nimemwambia namwandikia dada.

Alhamisi, 2 Aprili

Imetoka! Ukurasa wa sita, chini ya tangazo la njiwa aliyepotea. Nimejiita “Mpenda Haki.” Nimeandika kwamba Tattersall, yaani mimi, ni mshale wa kushoto, fahari ya kaunti, na kwamba mabeki wa Daraja la Tatu Kaskazini hukosa usingizi kwa ajili yake. Mambo ya kweli, yamewekwa vizuri tu.

Bi. Pilling aliisoma kwa sauti tukila utumbo na vitunguu. Akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma, kana kwamba huenda maelezo zaidi yako huko. Kisha akasema, “Masikini, Bwana Tattersall, kumbe una ndugu huku mjini?” Nikasema sina. Akasema basi ni mtu aliyenifananisha.

Nilipita dukani kwa Bickerstaffe kuona athari. Soseji za damu alizoniuzia zilifungwa kwa ukurasa wa sita. Athari nyingine sikuiona.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Mechi ya asubuhi, kama kawaida ya sikukuu. Watu wengi, kila mmoja na mkate wa Pasaka mfukoni. Siku ya kujionyesha.

Krosi yangu ya kwanza ilivuka goli, ikavuka jukwaa, ikaingia kwenye mfereji wa maji nyuma ya uwanja. Ya pili pia. Baada ya ya tatu, yule mzee ambaye klabu imemweka mferejini na mtumbwi na kapu ili aopoe mipira alipanda ukutani, akanivulia kofia mbele ya umati. Umati ulimshangilia. Tulifungwa mawili.

Upepo ulikuwa mbaya sana.

Jumanne, 7 Aprili

Jana, Jumatatu ya Pasaka, walimchezesha Haworth. Alifunga bao moja na kutengeneza jingine. Halafu akaja kuniambia ameiga mbio zangu. Adabu gani hizi?

Lakini leo nimepata jambo! Mzee Nuttall alikuwa akinikanda paja na kupiga soga. Alinikumbusha mkasa wa majira ya baridi, mtu fulani alipoandika kwenye Courier kwamba mpiga tarumbeta wa bendi yetu hupuliza kama ng'ombe mwenye mafua. Wiki iliyofuata zilitoka barua arobaini za kumtetea! Walimnunulia tarumbeta jipya. Nuttall alisema, “Watu wa Thornbeck hawamsifu mtu, Horace, hata akizima moto kanisani. Ila mtukane wa kwao, uone watakavyokurukia.”

Ndipo lilipo kosa langu. Nilijisifu, kumbe ilitakiwa nijitukane!

Nimeandika mchana kutwa. Haikuwa rahisi, kila sentensi iliniuma. Nimejiita “Miaka Ishirini Mvuani.” Naiweka nakala hapa:

“Bwana Mhariri, nimesimama mvuani miaka ishirini nikiitazama Thornbeck, na sijaona kiumbe mzito kama Tattersall. Kwanza hana ishirini na tisa. Ana thelathini na tatu. Mguu wake wa kulia anautumia kushukia ngazi tu. Akipewa mpira huusimamisha, akautazama, akaufikiria, mpaka beki anapata nafasi ya kufunga kamba za viatu. Kama ni lazima acheze, awekwe beki wa kushoto, mahali ambapo mtu hatakiwi kwenda kokote, ila kuwa njiani mwa wengine.”

Umri niliuweka ili barua iwe na uzito. Hilo la beki wa kushoto ni dharau kubwa kuliko zote nilizoweza kubuni. Winga kuambiwa awe beki! Hata jiwe litanionea huruma.

Alhamisi, 9 Aprili

Imetoka juu kabisa, na kichwa cha habari kikubwa kuliko cha Waziri Mkuu. Bi. Pilling aliisoma mara mbili. Sikusikia akilaani mwandishi, lakini alikuwa na kipande cha utumbo mdomoni.

Nasubiri mji uinuke.

Jumatatu, 13 Aprili

Mji umeinuka. Barua kumi na moja!

Zote zinamuunga mkono mwandishi.

Mchungaji wa kanisa la Wamethodisti anasema amekuwa akiniombea tangu 1927, bila matokeo. Mwalimu mmoja amepiga hesabu, akaona kwamba nikiendelea na mwendo huu nitafika kwenye kibendera cha kona mwezi Agosti. Yule mzee wa mtumbwi ametaja kapu jipya. Na mwingine, “Mjane wa Mtaa wa Tenter,” anasema anajua kwa hakika kwamba Tattersall hula pudini ya siagi mara mbili kila Ijumaa, kisha huomba kisahani akakombe.

Mtaa wa Tenter una mjane mmoja anayenipikia pudini. Nilipomuuliza, Bi. Pilling hakutetereka hata kidogo. “Sikutaja namba ya nyumba,” alisema. “Na isitoshe, Bwana Tattersall, sikusema neno juu ya jemu.”

Jumamosi nilicheza timu ya akiba, mbele ya watu sitini na mbwa. Mbwa aliondoka wakati wa mapumziko. Na sasa kila mtu anajua nina thelathini na tatu. Nani alimwambia yule mwanaharamu! (Nimesahau kidogo. Nilikuwa na hasira.)

Ijumaa, 17 Aprili

Karatasi ya timu imebandikwa mlangoni. Nilianza kusoma kutoka chini, kwa mawinga, kama siku zote. Winga wa kushoto: Haworth. Nikageuka niondoke. Nuttall akanishika kola, akanirudisha, akaweka kidole juu.

Beki wa kushoto: Tattersall.

Beki wetu wa kawaida ameumia nyonga. Jana jioni, anasema Nuttall, halmashauri ilikaa dakika thelathini bila kupata jibu. Kisha Bickerstaffe akatoa kipande cha Courier mfukoni mwa aproni, kina alama za kidole chenye damu, akakisoma, na mabwana wote saba wakapumua. “Si kazi yangu kubisha,” Nuttall aliniambia. “Gazeti limesema.”

Nimeshushwa! Na aliyenishusha ni mimi! Niligoma kula chakula cha mchana. Cha jioni nilikula kwa sababu ilikuwa Ijumaa, siku ya pudini.

Jumamosi, 18 Aprili

Tulicheza na Marlsea. Winga wao wa kulia anaitwa Prosser, na inasemekana klabu kubwa tatu zinamfuatilia. Niliingia uwanjani nimenuna. Niliamua sitafanya lolote. Wakitaka mtu wa kuwa njiani, nitakuwa njiani tu, waone.

Dakika ya tatu Prosser akanijia. Akajifanya anakwenda nje, bega likashuka, akaingia ndani. Nikamcheka usoni. Hiyo ni chenga yangu mimi! Naitumia tangu 1924. Imewahi kufaulu mara mbili. Nilibaki nimesimama palepale, mpira ukanijia wenyewe mguuni. Akarudi na ile ya kusimama ghafla. Yangu pia! Kila kilichomo kichwani mwa huyo bwana, mimi nilishakijaribu na kikanishinda. Mara tisa alikuja, mara tisa nilimkuta. Mara ya kumi hakuja. Alihamia upande mwingine. Haworth akafunga, tukashinda moja bila.

Nikakaza sikio nisikie jina langu. Watu elfu nne chini ya mvua, wanaimba, “Miaka Ishirini alisema! Miaka Ishirini alisema!”

Wanamwimba mwandishi! Mtu ambaye hata hakugusa mpira!

Alhamisi, 23 Aprili

Courier limejaa. Mhariri anasema mji una jicho moja kali la soka, nalo ni la “Miaka Ishirini Mvuani,” na anamwomba ajitokeze. Bwana Bickerstaffe anaahidi kumpa kiti cha jukwaani maisha yake yote na paja la kondoo.

Nilisimama mbele ya ofisi ya gazeti dakika ishirini. Paja la kondoo! Lakini nikisema ni mimi, nimekiri kwamba nilijiandikia. Na nikikiri hilo, wataulizana habari za “Mpenda Haki.” Nikarudi nyumbani kula njegere.

Njiani nikakutana na Haworth. Alivua kofia, akatembea nami mpaka kona. “Kaka Horace,” alisema, “nilikuwa silali. Mama yangu anategemea nibakizwe, na sikutaka kukuondoa wewe. Sasa una nafasi yako na mimi nina yangu. Nimefurahi mno.” Nilimtafuta unafiki usoni, sikuuona. Ni vigumu sana kumchukia mtu kama huyo. Inabidi ushinde unajikumbusha.

Jumatano, 29 Aprili

Paja la kondoo limechukuliwa! Amejitokeza kinyozi Ogden. Kasema yeye ndiye “Miaka Ishirini Mvuani,” na mji mzima umemwamini kwa sababu duka lake linavuja.

Nilikwenda kunyolewa ili nimwangalie machoni. Akanipaka sabuni, akaniinua kidevu, akaweka wembe kooni, akaanza. “Unajua, Horace, mimi ndiye niliyekutengeneza. Nilikutazama miaka yote hiyo, nikajiambia, huyu si winga, huyu ni beki. Watu wengine hawaoni.” Nilitaka kubisha, lakini wembe ulikuwa palepale. Akaongeza kwamba hapendi ninavyorudisha mpira kwa kipa. Wateja watatu wakaitikia kwa kichwa. Mmoja aliandika.

Nimetoka nimekatwa mahali pawili, na asante wamepewa wengine.

Jumamosi, 2 Mei

Mechi ya mwisho ya msimu. Sare. Tangu nirudishwe nyuma, hatujafungwa hata bao moja. Hata moja!

Baada ya mechi, timu nzima tukiwa ndani ya bafu moja kubwa, Bwana Bickerstaffe aliingia na kofia yake ya duara, akasimama kwenye mvuke, akanyoosha mkono juu ya maji. “Tattersall, jina lako lipo,” alisema. “Wewe na Haworth, wote wawili. Jumatatu jioni tunatia sahihi.” Niliupokea mkono wake nikiwa nimejaa sabuni. Nikazamisha kichwa majini ili wenzangu wasinione. Nimelia, naandika wazi. Mwaka mwingine! Mwaka mmoja mzima mbali na ufagio wa Seth. Haworth alinipiga mgongoni na Nuttall akanipa taulo kavu, jambo ambalo halijatokea tangu nijiunge na klabu.

Bickerstaffe alipofika mlangoni akageuka. “Na tusimsahau bwana wetu wa gazetini,” akasema. “Halmashauri imekubaliana kwa kauli moja. Akisema neno tena, sisi tutalifuata hivyo hivyo.” Wenzangu wakapiga makofi. Walipiga makofi uchi, ndani ya maji, kwa ajili ya kinyozi.

Jumapili, 3 Mei

Sikupata raha ya kulala. Asubuhi kanisani mchungaji alitoa shukrani kwa mvua, kwa Mfalme, na kwa jicho la Bwana Ogden. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Jina langu halikutajwa.

Nimewaza tangu chakula cha mchana, na nimeliona kosa. Mpango wangu wa kujitukana ulikuwa sahihi kabisa. Ulishindwa kwa sababu barua haikuwa na uonevu wa kutosha! Nilimtukana winga aliyekuwa kweli anapeleka mipira mferejini, nani angemtetea? Sasa mambo ni tofauti. Sasa mimi ni beki ambaye hajafungwa hata bao moja. Mtu akinishambulia leo, mji mzima utawaka. Zitatoka barua arobaini, labda hamsini. Na huyo Ogden ataonekana kichaa, arudishe kondoo.

Nimemwomba Bi. Pilling wino. Aliniuliza kama dada yangu hajambo.

Nimeandika kwa mkono uleule, jina lilelile: “Bwana Mhariri, nilikosea. Nimemtazama Tattersall tena, na ninasema bila kigugumizi: huyu hafai nyuma, hafai mbele, hafai hata kubeba sifongo. Naitaka halmashauri imwache aende zake, na ifanye hivyo Jumatatu hii hii, kabla wino haujakauka kwenye orodha.” Nimeisoma mara tatu. Ni uonevu mtupu. Hata mimi damu ilinichemka.

Leo hakuna posta, kwa hiyo nimeipeleka mwenyewe na kuitumbukiza kwenye sanduku la Courier. Itatoka kesho asubuhi. Halmashauri inakaa kesho jioni. Watetezi wangu watakuwa na muda mpaka toleo la Alhamisi, unawatosha kabisa kuandika vizuri.

Wino umebaki kidogo, nikaona nisiupoteze. Nimemwandikia shemeji Seth, nikamshukuru kwa uvumilivu wake, na nikamwambia ule ufagio ampe mtu mwingine.